Trekta Barabarani: Ajali Huanzia Nyumbani

Jumatatu moja asubuhi, katika msimu wa kupukuchua mahindi, mzee mmoja aliingia ofisini kwetu kofia mkononi. Watu wengi wa hapa Matisi huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, na mtu akitaka barua iandikwe vizuri huja kwenye meza yangu.

"Mwalimu," akasema, "niandikie barua. Naomba niongezewe muda wa kulipa deni la mbegu na mbolea."

Nikachukua kalamu, nikamwuliza, "Sababu ni nini, mzee?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Andika kwamba ni msumari."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndipo akanieleza. Jumamosi jioni trekta lake lilikuwa likirudi nyumbani likivuta trela lenye magunia 40 ya mahindi, na vijana 4 wameketi juu ya magunia. Pini iunganishayo trela na trekta ilikuwa imepoteza klipu yake tangu mwezi uliotangulia, na mahali pa klipu dereva alikuwa ametia msumari uliokunjwa. Walipovuka kijito na kuanza kupanda mlima, trela liliruka shimo, msumari ukakatika, pini ikachomoka. Trekta likaendelea kupanda. Trela likarudi nyuma peke yake, likapinduka kijitoni. Vijana 3 waliruka wakapona. Wa nne, mtoto wa ndugu yake, alivunjika mguu. Mahindi mengi yalilowa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yalipe deni.

Mzee huyo ameniruhusu kusimulia habari hii bila kutaja jina lake, ili wengine wajifunze. Na funzo lenyewe ni hili: ajali ile haikuanzia kijitoni. Ilianzia nyumbani, mwezi mzima mapema, siku klipu ilipopotea na mtu akasema, "Msumari utatosha." Klipu ya pini bei yake ni ndogo kuliko kilo 2 za sukari.

Wakulima wengi hudhani kutunza trekta ni jambo moja, na kusafiri nalo salama ni jambo jingine. Sivyo. Ni jambo moja. Tafadhali nifuateni pole pole, nami nitaeleza.

KWA NINI TREKTA NI MGENI BARABARANI

Trekta limetengenezwa kwa ajili ya shamba. Magurudumu yake makubwa ya nyuma ni ya kushika udongo. Halina springi za kupunguza kuruka, kama zilivyo za gari. Limeinuka juu, kwa hiyo hupinduka upesi likikata kona kwa kasi au likipita ukingoni mwa mtaro. Breki zake ni za kutumika katika mwendo wa polepole. Basi trekta likitoka shambani na kuingia njiani, ni mgeni pale, na mgeni sharti aende kwa adabu.

Sisi wa skimu tuna sababu ya kuangalia jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1962 serikali ilipoanza mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba makubwa ya walowezi yalianza kugawanywa kwa familia nyingi. Zamani trekta la shamba kubwa liliweza kulima tangu asubuhi mpaka jioni bila kuvuka mpaka wa shamba. Siku hizi trekta moja hulima ekari 2 kwa huyu, ekari 3 kwa yule, kisha huvuka barabara kwenda kwa wa tatu. Wakati wa mavuno ni vivyo hivyo, kwa kuwa mashine ya kupukuchua huvutwa kutoka boma hata boma. Kwa hiyo trekta la skimu hutembea barabarani mara nyingi zaidi kuliko trekta la shamba kubwa, na barabara zenyewe zina watoto wa shule, punda, baiskeli na bodaboda.

Tena mengi ya matrekta yetu ni ya umri mkubwa. Bado tunayaona Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960, yakifanya kazi vizuri. Ni trekta la kusifiwa. Lakini trekta la umri huo huishi kwa mkono wa mwenyewe.

KAZI YA ASUBUHI: DAKIKA 15

Kabla ya kuwasha injini, dereva na alizunguke trekta lake kama vile mchungaji anavyohesabu ng'ombe kabla ya kufungua zizi. Dakika 15 zatosha.

1. Oili ya injini. Trekta na lisimame mahali sawa, injini ikiwa imepoa. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kitumbukize tena, ukisome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua chini ya alama ya chini, chuma husaga chuma. Ikizidi alama ya juu ni hasara pia, kwa maana hutafuta njia ya kutokea. Kumwaga oili na kutia mpya hufuata saa za kazi, si miezi. Soma kitabu cha trekta lako. Kwa matrekta mengi ni kila saa 250 au mapema zaidi, na chujio la oili hubadilishwa pamoja nayo.

2. Maji ya rejeta. Tazama maji kabla injini haijapata moto. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yataruka na kukuchoma uso. Wakati wa kupukuchua, makapi ya mahindi huziba uso wa rejeta, na hewa haipiti. Dereva husema injini ina ugonjwa, kumbe imezibwa pua tu. Safisha makapi kila siku, na utazame mkanda wa feni kama umelegea.

3. Chujio la hewa. Injini hupumua hewa nyingi sana kuliko dizeli inayokunywa. Hapa kwetu, kuanzia Desemba hata Machi, hewa hiyo ina vumbi jekundu. Vumbi likiingia ndani na kuchanganyika na oili huwa kama msasa, nalo hukwangua injini usiku na mchana. Ikiwa chujio lako ni la bakuli lenye oili, lifungue kila siku ya vumbi. Ukiona tope chini ya bakuli, mwaga, osha, tia oili safi hadi alama. Ikiwa ni la karatasi, ligonge polepole utoe vumbi, na likichoka ununue jingine. Usilioshe kwa petroli.

4. Dizeli. Adui wa dizeli ni maji na uchafu. Jaza tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi. Tangi likilala nusu tupu, hewa ya baridi ya usiku huacha matone ya maji ndani yake, na sisi wa Kitale twaujua ubaridi wa usiku. Pipa la dizeli lisitikiswe siku ya kuteka, na mpira wa kuvutia usifike chini kabisa. Tazama kikombe cha chujio la dizeli. Ukiona maji, yafungulie yatoke.

5. Betri. Tia maji ya betri yaliyosafishwa, si maji ya mto. Safisha vichwa vya nyaya, uvipake grisi. Wengine wataniuliza, "Mwalimu, betri na ajali vinahusianaje?" Nitawaambia. Betri ikifa, dereva huanza kuegesha trekta mlimani ili asubuhi aliteremshe na kuliwasha kwa gia. Siku moja jiwe la kuzuia gurudumu huteleza, na trekta hushuka peke yake hadi kwenye nyumba za watu. Betri mbovu imekwisha kuwa hatari ya uhai.

6. Tairi na nati. Tazama kama tairi imepasuka ubavuni, na kama upepo ni wa kutosha. Tairi za mbele zisipolingana, usukani huvuta upande mmoja. Kaza nati za magurudumu ya trekta na ya trela. Ukiona mstari wa kutu unaotoka kwenye nati, jua nati hiyo imelegea.

7. Grisi. Safisha nipeli kwanza, ndipo utie grisi. Usipofanya hivyo unasukuma mchanga ndani. Usisahau fito za usukani na mhimili wa magurudumu ya mbele. Shika gurudumu la mbele, ulitikise. Likicheza sana, usiende barabarani mpaka fundi alitazame.

8. Breki. Hili nimeliacha mwisho ili likae kichwani, nami nitalieleza peke yake.

PEDALI MBILI ZA BREKI

Trekta lina pedali 2 za breki, moja kwa gurudumu la kulia na moja kwa gurudumu la kushoto. Shambani jambo hilo ni zuri. Ukifika mwisho wa mtaro unakanyaga moja, na trekta hugeuka mahali padogo.

Lakini barabarani jambo hilo hilo huua. Dereva akiwa katika mwendo, mtoto akakatiza, naye akakanyaga pedali moja tu kwa haraka, gurudumu moja husimama na jingine huendelea. Trekta hugeuka ghafula na kupinduka. Kwa sababu hiyo kuna komeo dogo la kuunganisha pedali hizo mbili ziwe kama moja. Kabla ya kuingia barabarani, sharti komeo lifungwe. Ikiwa komeo la trekta lako limepotea, mwambie fundi akutengenezee jingine, na trekta lisitoke shambani mpaka liwepo.

Kisha jaribu. Nenda polepole mahali sawa, ukanyage pedali zilizofungwa pamoja. Trekta likisimama kwa unyofu, ni vyema. Likivuta upande mmoja, breki hazilingani, na kazi ya barabarani ingoje fundi.

KUFUNGA TRELA

Sasa turudi kwa pini ya mzee wetu. Pini iwe ya chuma kigumu, ya unene uliolingana na tundu, si kipande cha nondo kilichookotwa. Iwe na klipu yake chini. Tena iwepo cheni ya akiba kutoka trela hadi trekta, ili pini ikichomoka trela lisiachwe peke yake. Dereva mwangalifu huweka klipu 2 au 3 za ziada kwenye kisanduku cha spana.

Jambo kubwa zaidi ni mahali pa kufungia. Funga trela au gogo kwenye mahali pake pa chini tu, chini ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Usifunge kamwe kwenye mhimili wenyewe, wala kwenye mkono wa juu ulio nyuma ya kiti. Sababu yake ni rahisi. Ukivuta kutoka chini, pua ya trekta haiinuki upesi. Ukivuta kutoka juu, uzito huinua pua. Magurudumu ya nyuma yakishindwa kusonga mbele, na injini ikaendelea kusukuma, trekta lenyewe huzunguka mhimili wake: pua huinuka, na kiti pamoja na dereva huanguka chini yake. Kufika mahali pasiporudika pengine hakuchukui hata sekunde moja. Hakuna dereva aliye mwepesi kiasi hicho.

Kwa hiyo trekta likikwama matopeni na mzigo, usilazimishe kwa moto. Shuka, punguza mzigo, chimba mbele ya magurudumu, au jaribu kutoka kwa kurudi nyuma.

KUPAKIA MZIGO, NA SWALA LA WATU

Tufanye hesabu kidogo. Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 40 ni kilo 3,600, yaani tani tatu na nusu na zaidi. Matrela mengi ya kwetu hayana breki zake yenyewe, na uzito huo wote husimamishwa na breki za trekta peke yake. Likiwa linateremka, trela husukuma trekta kutoka nyuma. Na dereva akikata kona hapo, trela humpita ubavuni na kumkunja kama kisu cha mfukoni.

Kwa hiyo usipakie kadiri trela linavyomeza, bali kadiri trekta linavyoweza kusimamisha. Ni heri kwenda safari 2 kwa ghala kuliko safari moja kwa hospitali. Magunia yapangwe sawa, mengine yatangulie kidogo mbele ya magurudumu ya trela. Mzigo ukikaa wote nyuma, huinua mkono wa trela na kuyapunguzia uzito magurudumu ya nyuma ya trekta, nayo yatateleza. Funga mzigo kwa kamba nzuri.

Sasa watu. Najua neno hili halipendezi. Jioni wavunaji wamechoka, kijiji kiko mbali, na trela linakwenda huko huko. Hata hivyo mahali pa watu si juu ya magunia, wala juu ya mkono wa trela, wala juu ya matao ya magurudumu. Trekta lina kiti kimoja kwa dereva mmoja. Mtoto anayepanda nyuma ya trekta akiteleza huanguka mbele ya gurudumu, si kando yake. Mwenye trekta akisema "Hapana" leo, watamnung'unikia leo tu. Mzee wetu aliniambia angetoa magunia yote 40 ili asikie manung'uniko hayo badala ya kilio alichosikia.

NJIANI

Mkizifuata desturi hizi chache, mtafika.

Mteremko. Chagua gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ile ile ambayo ungetumia kupanda mlima huo. Injini itashikilia mzigo. Wengine hulitoa trekta katika gia ili lishuke lenyewe na kuokoa dizeli. Huko ni kununua kikombe cha dizeli kwa bei ya uhai. Likikwisha kupata kasi, breki hazitalishika, na gia haitaingia tena.

Mwendo. Trekta liendalo kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 katika kila sekunde. Basi ukimwona mtoto na kufikiri sekunde moja tu, umekwisha kwenda mita 8 kabla mguu haujagusa breki. Na mwendo ukizidi mara 2, umbali wa breki kusimamisha mzigo huzidi mara 4. Penye soko na penye shule, nenda kama mtu anayetembea.

Mvua. Barabara ya maramu ikilowa huwa kama sabuni. Kaa katikati ikiwa hakuna anayekuja, mbali na ukingo wa mtaro, maana ukingo uliolowa hubomoka chini ya uzito.

Usiku. Ikiwezekana, trekta na trela vilale. Ikiwa hapana budi, taa za mbele na za nyuma ziwake, na trela liwe na taa yake nyuma na vibati vyekundu vya kung'aa pande zote mbili. Dereva wa lori anayetoka Webuye na Bungoma kwa kupitia Kamukuywa na Kiminini hawezi kukisia kwamba mbele yake gizani kuna trela la mahindi linalokwenda kwa mwendo wa baiskeli. Trela likiharibika, liondoe barabarani. Na likikataa, weka pembetatu za kung'aa mbali nyuma yake, wala si matawi ya miti peke yake. Tena usiwashe taa ya nyuma ya kulimia barabarani, maana humpofusha anayekufuata.

Leseni. Dereva awe na leseni inayomruhusu kuendesha trekta. Kijana wa shule anayejua kulima mistari mizuri bado hajawa dereva wa barabara.

MASHINE YA KUPUKUCHUA NA SHAFTI YA NYUMA

Shafti ya nyuma ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika katika kazi ya kupukuchua, yaani mara 9 kwa kila sekunde moja. Leso au mkono wa koti ukinaswa, umekwisha kuzungushwa mara kadhaa kabla mtu hajapiga kelele. Kwa hiyo shafti iwe na kifuniko chake daima. Mama wanaookota mahindi wajifunge leso vizuri, wakae mbali na upande huo, na watoto wasicheze karibu. Mtu asiruke juu ya shafti inayozunguka, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu.

Kazi ikiisha, zima injini kwanza, ndipo ufungue shafti. Kabla ya kuhamia boma jingine, ondoa shafti hiyo uiweke kwenye trela. Usiiache ikining'inia njiani.

KUSAFIRISHA TREKTA JUU YA LORI

Safari ikiwa ndefu, mathalan trekta limenunuliwa Bungoma na linakuja Matisi, ni afadhali libebwe na lori. Tairi zake hazitaliwa na lami, na barabara haitazibwa. Lakini kulipandisha kuna hatari yake.

Tafuta ukingo wa udongo mgumu ulio sawa na kitanda cha lori. Lori lisimame limegusana na ukingo, katika gia, breki ya mkono imevutwa, na kabari kwenye magurudumu. Ikiwa hakuna ukingo na mnatumia madaraja ya chuma, yafungwe kwenye lori yasiteleze, na yaweze kubeba uzito. Trekta lipande kwa kurudi nyuma, na kushuka lishuke kwa mbele, ili upande mzito uwe juu daima. Gia iwe ndogo kabisa. Watu wote wasimame mbali. Mtu mmoja tu amwongoze dereva, naye asisimame nyuma ya trekta wala chini ya madaraja.

Likiwa juu, vuta breki ya mkono, tia gia ndogo, teremsha plau au haro mpaka iguse kitanda, tia kabari. Kisha funga cheni 4, moja kwa kila pembe, zikivuta mbele na nyuma. Zifungwe kwenye mhimili na kwenye chuma cha kuvutia, si kwenye fito za usukani. Kamba ya katani haitoshi. Funika mdomo wa bomba la moshi ili mvua isiingie. Pima urefu wa juu na kuangalia nyaya za umeme zilizo chini. Mtu asiketi juu ya trekta safarini. Baada ya kilomita 10 hivi simama, ukaze cheni tena, kwa kuwa hulegea mwanzoni.

FREMU YA USALAMA

Mwaka 1959 serikali ya Uswidi ilitoa amri kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ngumu ya chuma juu ya kiti cha dereva. Trekta likipinduka, fremu hiyo hulizuia lisimlalie dereva. Vifo vya kupinduka vilipungua sana katika nchi ile, na nchi nyingine zikafuata. Matrekta mengi mapya huja na fremu hiyo, lakini wengine huikata ili trekta lipite chini ya miti au kuingia ghalani. Usiikate; kata tawi la mti. Penye fremu, funga mkanda wa kiti ili ubaki ndani yake. Trekta lisilo na fremu lisifungwe mkanda. Ukinunua trekta la mkono wa pili, uliza habari ya fremu kama unavyouliza habari ya injini.

DAFTARI LA TREKTA

Mimi ni karani, kwa hiyo mtanisamehe nikisifu daftari. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Matrekta mengi ya skimu ni ya watu watano au kumi kwa ushirika. Leo anaendesha mtoto wa huyu, kesho mtoto wa yule. Kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyetia oili.

Nunueni daftari la shule, mchore safu 6: tarehe, saa za injini, dizeli iliyotiwa, oili na grisi, kasoro iliyoonekana, jina la aliyeiona. Saa ya trekta ikiwa imekufa, andikeni saa ya kuanza na ya kumaliza. Daftari na kalamu vining'inizwe mahali trekta linapolala. Kasoro ikiandikwa leo, aendeshaye kesho hawezi kusema hakujua. Lau klipu ya mzee wetu ingalikuwa imeandikwa, wenzake wangaliisoma siku ishirini kabla ya kijito.

KATENI HAPA, MBANDIKE UKUTANI

1. Oili, maji, hewa, dizeli: kila asubuhi.
2. Nati na tairi: za trekta na za trela.
3. Pedali za breki zifungwe pamoja.
4. Pini yenye klipu, na cheni ya akiba.
5. Funga mzigo chini, usifunge juu.
6. Pakia kadiri breki zinavyoweza.
7. Mtu mmoja, kiti kimoja.
8. Gia ndogo kabla ya mteremko.
9. Taa na vibati vya kung'aa, au lilale.
10. Andika katika daftari.

Barua ya mzee ilijibiwa, akaongezewa muda. Kijana wake alifungwa mguu kwa plasta, akatembea kwa magongo mpaka wakati wa kupanda, na mistari ya mahindi mwaka huo ilipandwa bila mkono wake. Nilipopita bomani kwao niliona waya umetundikwa kando ya mlango, na katika waya ule klipu mpya 6 za pini. Dereva haruhusiwi kutoka bila kumwonyesha mzee klipu iliyo mahali pake.

Ndugu wakulima, msimu wa kulima hauko mbali. Yeyote mwenye swali kuhusu trekta lake na aje ofisini amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba, nao watamwelekeza. Mimi nitafurahi kuwaandikia barua zenu zote: za kuomba mbegu, za kuuza mahindi, za kuwapeleka watoto shule. Barua ya msumari nimekwisha kuiandika mara moja, nami sipendi kuiandika tena.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Matisi